Ratili Arobaini na Saba

Niliukuta juu ya meza, kati ya chuma cha kuokea keki
na viatu vya kutelezea barafuni,
uani kwa Verna Kangas, Michigan ya juu kabisa,
karatasi imebandikwa: dola thelathini.
Kishikio cha mti mwekundu kilichong'arishwa na kiganja,
mikono ya mepo, tabaka juu ya tabaka,
na ncha zake zimejikunja kwenda mbele
kama midomo ya mtu aliyetaka kusema, akajizuia.

Kwa wino mweupe, mwandiko wa fundi:
inchi hamsini na nane, ratili arobaini na saba,
na namba ambayo hakuna kiwanda kilichobaki kuisoma.

Nikasema, "Pole. Kumbe marehemu alikuwa mwindaji."
Akacheka hadi miwani ikamteleza.
"Marehemu alivua samaki, tena wadogo.
Huo ni wangu.
Niliununua mwaka sitini na nne
kwa mshahara wa wiki tatu za kumenya viazi
jikoni mwa hospitali."
Akafumba jicho moja, akautazama kwa urefu wake
kama mtu anayetafuta tundu la sindano.
"Wenyewe haujapotoka. Aliyepinda ni mimi."

Akanifundisha palepale kwenye majani makavu:
mguu mmoja ndani, paja liwe mhimili,
usiukunje kwa hasira;
upote ulale katikati ya mfereji wake;
uvute nusu mara tatu kabla hujauamini.
"Na kazi ikiisha, legeza.
Hata mti unataka kulala."

Nyumbani ninao mwingine, wa magurudumu,
wenye kioo cha shabaha na kitaa cha kijani.
Ule ukishauvuta hukupokea mzigo,
hukaa nawe ukifikiri.
Huu hausubiri mtu.
Ratili zote zimening'inia kwenye vidole vitatu,
na shabaha haipo popote
ila pale unapotazama.

Wiki tano nilichoma gunia la matambara nyuma ya banda.
Hatua kumi. Kumi na mbili. Kumi na tano.
Ya kumi na sita mishale ilikwenda ilikotaka,
mmoja ungali kwenye paa la jirani.
Nikaapa: kumi na tano, basi.

Novemba, theluji ya kwanza, chini ya misonobari.
Dume la kulungu, pembe moja imevunjika,
likasimama hatua thelathini, ubavu wazi,
likatafuna kitu polepole, likaondoka.
Sikuinua mkono.
Siku ya pili, ukungu na kikohozi changu.
Siku ya tatu jike alipita hatua kumi na moja,
na sikumbuki kuvuta.

Nakumbuka sauti tu: si mlio, ni pumzi,
kama mtu anayefunga kitabu chumba cha pili.
Aliruka, akatembea kidogo, akageuka
kana kwamba kuna kitu amesahau,
kisha miguu ikamkatalia.
Nilikaa chini. Vinyoya vya mshale,
vyekundu tangu dukani, vilikuwa vyekundu zaidi.
Sikupiga kelele. Nilisema ahsante kwa sauti ndogo
na nikaona aibu, sijui kwa nini, maana hapakuwa na mtu.

Jioni nikampelekea Verna mnofu wa mgongo
ndani ya gazeti.
Hakuuliza umbali. Hakuuliza uzito.
Aliugeuza mkono wangu wa kulia,
akatazama wekundu kwenye vidole vitatu,
akatikisa kichwa kukubali.
Halafu akachungulia dirishani,
kwenye gari langu, kwenye kiti cha abiria.

"Kijana wa Rautio," akaniita
(nina miaka hamsini na tatu),
"upote umelegeza?"

Nikaiacha nyama mezani.
Nikatoka mbio, bila kofia.